Moyo wa tyubu na dodoki: shajara ya mradi wetu

Jumamosi, 13 Julai

Nimefika mnada wa Msalato mapema, kabla moshi wa nyama choma haujatanda. Upepo wa Julai hapa Dodoma hauna adabu. Vumbi limeniingia hadi masikioni, na kanga niliyojitanda kichwani imegeuka rangi ya udongo. Nilikuwa natafuta mioyo miwili, wa mbuzi na wa ng'ombe, yote ikiwa na mishipa yake.

Kupata moyo ni rahisi, kuupata mzima ndiyo shughuli. Wachinjaji hukata mishipa mikubwa usawa wa nyama, maana hakuna mteja anayelipia mabomba. Wa ng'ombe ndio kabisa: mkaguzi wa nyama lazima auchane akitafuta vifuko vya tegu, kwa hiyo ukifika buchani umeshapigwa kisu. Wa mbuzi nimempata kijana mmoja hapo mnadani nikamwomba auache na shingo ya urefu wa kidole.

"Hiyo mipira huwa tunawatupia mbwa, mwalimu."

"Leo mbwa watanisamehe, mdogo wangu."

Akauacha, na mapafu akaniongezea bure. Moyo ulikuwa bado unarukaruka kiganjani mwake, vijipigo vidogo visivyo na mpango, mbuzi mwenyewe ameshachunwa. Wa ng'ombe nimeupitia Majengo. Umechanwa, lakini ni mkubwa, kilo mbili na kidogo kwenye mzani. Wa mbuzi haukufika hata robo kilo. Wa mtu mzima uko katikati, gramu 300 hivi, ukubwa wa ngumi ya mwenyewe.

Sababu ya haya yote: maabara yetu ina chati moja ya moyo, nayo imechanika palepale inapoanzia aota, ule mshipa mkubwa unaotoa damu moyoni kwenda mwilini. Wanafunzi wa kidato cha pili wanaikariri vizuri, damu inaingia huku, inatokea kule. Ukiwauliza ni kitu gani kinachoizuia isirudi ilikotoka wanajibu "vali", kisha wananyamaza. Nataka tujenge moyo unaosukuma maji kwelikweli, vyumba vinne, vali nne, mizunguko miwili, uwe tayari siku ya wazazi mwishoni mwa Agosti. Bajeti ni pochi yangu na vitu vya kuokoteza.

Kuna mwenzangu wa ofisini aliyesema ningetafuta wa nguruwe, ndio unaokaribiana zaidi na wetu. Kweli. Ila nusu ya darasa hawatausogelea, na sioni kwa nini niwape mtihani huo.

Jumatatu, 15 Julai

Tumepasua. Somo tunalifundisha kwa Kiingereza, lakini nyama imepasuliwa kwa Kiswahili, na Kigogo kidogo pale bonge la damu lilipowarukia wa mstari wa mbele. Tumekubaliana majina: vyumba vya juu auriko, vya chini ventriko. Ateri ni mshipa unaotoka moyoni, vena ni unaorudi moyoni, basi. Nimewakataza kusema ateri ni "ya damu safi", kwa sababu ateri ya mapafu imebeba damu iliyokwisha kutoa oksijeni yake mwilini, na vena za mapafu ndizo zinazoleta ile yenye oksijeni tele. Watunga mitihani wanapenda sana kuwategea hapo.

Wa ng'ombe kwanza. Kwa rula, ukuta wa ventriko ya kushoto umefika karibu sentimita tatu, wa kulia sentimita moja. Kwa binadamu ni kama sentimita moja kushoto, milimita tatu hadi tano kulia. Binti mmoja akauliza kwa nini upande mmoja umependelewa nyama. Kabla sijafungua mdomo, mwenzake akamjibu: "Wa kulia anapeleka hapo jirani tu, mapafuni. Wa kushoto anapeleka mpaka Kondoa." Sijaona kitabu kilichoieleza vizuri kuliko hivyo.

Nilipokata kuelekea kwenye shina la aota, kisu kikagota. Nikadhani ni meza. Kumbe mfupa! Kipande bapa kilichopinda, urefu wa dole gumba, kimejificha ndani ya pete ngumu inayoshikilia vali. Ng'ombe ana mfupa moyoni. Sisi hatuna, pete yetu ni ya nyuzi ngumu tu. Kijana mmoja ameomba aende nao nyumbani. Nimemruhusu baada ya kuuchemsha.

Utamu wenyewe umekuja kwa mbuzi. Nimechukua bomba la sindano nikajaza maji ndani ya aota, kutokea juu. Maji yakasimama, hayakushuka moyoni. Wakainama wote, vichwa vikagongana. Chini kabisa kulikuwa na vifuko vitatu vyembamba, kila kimoja kama mfuko wa shati, vimejaa maji na kugusana midomo. Nikawauliza nani kaufunga mlango. Msuli? Moyo huu umekufa tangu juzi. Kimya kirefu, halafu sauti ya nyuma: "Maji yenyewe, madam. Yamejifungia." Ndivyo. Damu ikitaka kurudi inavijaza vifuko, navyo vikijaa vinaziba.

Lakini yakaanza kupungua taratibu, na mmoja akashangilia kwamba vali inavuja. Tukaipangusa kwa pamba, tukatazama tena. Vali haivuji. Juu yake kidogo, ukutani mwa aota, kuna vitundu viwili, kila kimoja mdomo wa njiti ya kiberiti unaingia. Hizo ndizo koronari, ateri za moyo wenyewe. Damu yote ile inapita tumboni mwa moyo, lakini ukuta wake mnene hauwezi kujilisha humo. Unasubiri itoke kwenye aota, ndipo uchukue fungu lake kabla ya kiungo kingine chochote. Kitundu kimoja kikizibwa na bonge, kipande cha msuli kinachokitegemea kinaanza kufa, na hilo ndilo tunaloita shambulio la moyo. Nimeona wawili watatu wakijishika kifua.

Jumatano, 17 Julai

Leo hatukushika gundi. Nimekuja na kikombe cha kahawa, kile kidogo cha wauza kahawa na kashata. Tumekipima: mililita 70 hadi ukingoni. Ndicho kiasi ambacho ventriko moja ya mtu mzima aliyetulia hutoa kwa pigo moja, kadiri hivi. Kazi ilikuwa kuchota toka ndoo moja kwenda nyingine, mara 70 kwa dakika, mwenzako akikuhesabia.

Amejitolea kijana anayevaa jezi namba tisa kwenye timu ya shule. Mwanzoni alikuwa akitania watu huku akichota. Dakika ilipokatika mdomo ulikuwa umefungwa. Alikata tamaa kwenye dakika moja na nusu, akiwa amefikisha vikombe 81 badala ya 105, suruali imelowa mpaka magotini. Akaniuliza, "Usiku pia unafanya hivi?" Usiku pia.

Hesabu ubaoni: 70 mara 70 ni mililita 4,900, tuseme lita tano kwa dakika. Dumu la lita 20 linajaa kila dakika nne. Kwa siku ni zaidi ya lita 7,000, yaani tangi letu la lita 5,000 nyuma ya bweni linajaa, na zinabaki 2,000 za kugawia majirani. Kwa mji unaojua thamani ya dumu la maji, hesabu hiyo haihitaji mbwembwe.

Na damu yote mwilini mwa mtu mzima ni lita tano hivi. Basi inatoka wapi? Hapo ndipo Mwingereza William Harvey alipowabana wenzake mwaka 1628. Kabla yake waganga wa Ulaya walimfuata Galen, tabibu wa kale, kwamba ini linatengeneza damu na mwili unaitumia ikaisha, na nyingine inapenya vitundu vya ukuta wa katikati ya moyo. Ibn al-Nafis, tabibu wa Kiarabu, alikuwa ameshaukataa uwepo wa vitundu hivyo karne ya 13, akasema damu lazima ipitie mapafuni. Harvey yeye alipiga hesabu kama yetu: hakuna ini linaloweza kutengeneza damu nyingi kiasi hicho, kwa hiyo lazima ni ileile inayozunguka. Alichokosa ni kuona inavukaje kutoka ateri kwenda vena. Alifariki mwaka 1657. Miaka minne baadaye Malpighi, Mtaliano, aliziona kapilari, vijishipa vyembamba vinavyoziunganisha, kwa hadubini kwenye mapafu ya chura.

Maji yaliyobaki tumemwagia mche wa mwarobaini.

Jumamosi, 20 Julai

Chang'ombe, kwa mzee mmoja fundi baiskeli. Nimemwamkia, nikamweleza ninataka tyubu kuukuu za kutengenezea vali za moyo. Akaweka spana chini.

"Vali ya baiskeli naijua, mwanangu. Ya mtu sijawahi kuziba."

Kisha akanitolea ile ya mtindo wa zamani, kijiti cha chuma kilichovishwa kimpira, akanionyesha upepo unavyosukuma kimpira ukaingia, halafu upepo huohuo wa ndani unavyokibana usitoke. Nilimwambia mzee, umemaliza somo langu lote la Jumatatu. Amenipa tyubu tatu na kopo la solusheni lililobaki nusu, amekataa pesa ya tyubu.

Vifaa hadi sasa: ventriko ni chupa mbili laini za tomato, zile za kubinya za muuza chipsi. Auriko ni maputo. Vali zinakaa ndani ya viungio vya bomba la plastiki la inchi moja. Mishipa mikubwa ni mpira mwangavu wanaopimia usawa mafundi ujenzi, ili tuone maji yakienda. Kapilari zimenisumbua kuziwaza, mpaka nilipokuwa naoga: dodoki! Kipande kimoja cha mapafu, kimoja kikubwa zaidi cha mwili wote.

Jioni tumejaribu vali ya kwanza, ndimi mbili za tyubu zilizogandishwa kwenye kiungio. Nimebinya chupa. Ndimi zikafunga, nusu sekunde hivi, kisha zikapinduka kama mwavuli kwenye upepo na maji yote yakarudi kwenye puto. Puto likapasuka. Nimeoga mara ya pili.

Jumanne, 23 Julai

Waliokosa kulala si mimi peke yangu. Binti wa swali la nyama amenisubiri mlangoni na moyo wa mbuzi, tulikuwa tumeuhifadhi kwenye friji ya mama lishe wa shule (ambaye bado hajanisamehe). Anasema: "Ule wa kweli una kamba, madam. Sisi hatukuweka kamba."

Ana haki. Vali za kati ya auriko na ventriko, ya ndimi tatu kulia na ya ndimi mbili kushoto, si za vifuko kama zile za aota na ateri ya mapafu. Ndimi zake zimefungwa kwa nyuzi nyeupe, nyembamba na ngumu, zinazoshuka hadi kwenye vichuguu vya msuli vilivyoota ukutani mwa ventriko. Tulivipita Jumatatu kwa haraka kwa sababu vilikuwa vinatuzuia kuona.

Tumetumia uzi wa nailoni wa mshona viatu. Mara ya kwanza uzi mrefu, ndimi zikapinduka tena. Mara ya pili mfupi mno, hazikukutana, maji yakapita pembeni na chupa ikatoa mlio wa kunyonya. Mara ya tano tukapata kipimo. Nikawauliza: uzi wetu hauna akili, urefu wake ni uleule siku zote, je, ventriko ikijikunja na kuwa fupi, nyuzi hazitalegea? Walikaa nalo swali hilo hadi kengele. Jibu liko kwenye vile vichuguu: navyo ni msuli, vinajikaza wakati uleule ventriko inapojikaza, vinaula ulegevu. Havifungi vali. Vinaizuia tu isipitilize.

Ule mlio wa kunyonya nimeurudia makusudi, kwa sababu daktari akisikia mlio wa namna hiyo kifuani mwa mtoto huanza kuuliza maswali. Maumivu ya koo ya bakteria yasipotibiwa yanaweza kuleta homa ya baridi yabisi, na mwili ukipigana nayo unaziumiza ndimi za vali. Zinakuwa nene, zinashikamana au hazifungi vizuri tena. Mwanafunzi mmoja alikaa kimya muda wote, kisha akaniambia pembeni kwamba mdogo wake anahudhuria kliniki ya moyo. Sikumuuliza zaidi.

Alhamisi, 25 Julai

Bomba halitoi maji tangu juzi. Hakuna kazi.

Ijumaa, 2 Agosti

Nitaandika ilivyokuwa, bila kujitetea.

Tulihitaji "damu". Wino ungeharibu sare, nikachemsha rozela. Ipo tele Dodoma na rangi yake ni nyekundu ya heshima. Mzunguko wa mwili ulikuwa umeshaunganishwa, unavuja sehemu mbili tu. Ndipo kijana wa mfupa akaja na wazo. Rozela ukiitia magadi inabadilika, inakuwa zambarau, kisha kijani kichovu. Ukiirudishia ndimu inawaka nyekundu tena. Kwa nini tusiweke magadi kwenye dodoki la mwili, na ndimu kwenye dodoki la mapafu? Damu ijibadilishe rangi ikizunguka!

Nilipaswa kukumbuka kemia ya kidato cha kwanza. Rangi ilibadilika kweli, tukapiga makofi kama sekunde kumi. Halafu ndimu ikakutana na magadi kwenye dodoki la mapafu, povu likafura, kiungio kikafyatuka, na ukuta wa maabara sasa una ramani ambayo mkuu wa shule hajaiona bado.

Lakini tumepata somo ambalo sikulipanga. Hata tulipounganisha upya, maji hayakwenda. Chupa inabinywa, inarudi, maji yanacheza palepale. Ndani ya ventriko kulikuwa na hewa. Hewa inabanika, maji hayabaniki, kwa hiyo nguvu yote ya mkono iliishia kukandamiza povu. Mmoja akakumbuka muuguzi akigonga mpira wa dripu kwa kidole kabla ya kuuunganisha. Ndiyo, ndiyo sababu.

Rangi ya buluu tumeikataa pia. Damu ya venani ni nyekundu iliyokolea, si buluu. Mshipa unaonekana wa buluu mkononi kwa sababu ya jinsi mwanga unavyopita kwenye ngozi. Vitabu hupaka buluu ili tutofautishe, nusu ya watoto wanaamini.

Alhamisi, 8 Agosti

Nane Nane. Wengi wamekwenda Nzuguni kwenye maonesho, sisi tumebaki na gundi. Mzazi mmoja, tabibu wa zahanati, amepita kumchukua mwanawe. Nikamwonyesha kazi nikiwa nimenyanyua mabega. Aliuzunguka mara moja, akauzunguka tena, akaweka kidole kwenye upinde wa aota.

"Mwalimu, samahani. Huyu ni ng'ombe."

Nilicheka nikidhani ananitania. Hakuwa ananitania. Juu ya upinde tulikuwa tumetoa tawi moja nene linalogawanyika mbele, vilevile tulivyoona kwenye moyo wa mbuzi. Ng'ombe na mbuzi ndivyo walivyo. Mtu kwa kawaida ana matawi matatu: la kwanza linakwenda kulia na kugawanyika, mkono wa kulia na upande wa kulia wa kichwa, la pili linapanda kichwani upande wa kushoto, la tatu ni la mkono wa kushoto. Nimefundisha matawi hayo miaka tisa. Nimeyachora ubaoni kwa chaki. Mkono wangu ulipopata nyama ya kunakili, ukanakili nyama.

Hakuishia hapo. Moyo wetu umesimama wima kama mtungi. Wa mtu umelala kwa mshazari, ncha ikielekea kushoto na mbele, ndiyo maana pigo lake linasikika chini ya ziwa la kushoto. Na nani alisema hivi viwili vinabinywa kwa zamu? Ventriko zote mbili hujikaza pamoja.

Alipoondoka palikuwa na ukimya wa msiba. Kisha binti wa nyama akachana karatasi ya manila, akaibandika ukutani juu ya ile ramani ya rozela, akaandika kwa herufi kubwa: MOYO HUU UNADANGANYA WAPI. Akaweka namba moja, akanigeukia kama karani wa mahakama.

Kwa hiyo tukamwambia. Unabinywa kwa mkono. Kuta za pande zote mbili ni unene mmoja, chupa ni chupa. Hauna koronari. Kapilari za dodoki unaziona kwa macho, wakati kapilari ya kweli ni nyembamba kiasi kwamba chembe nyekundu za damu hupita moja moja, zimejipanga foleni na kujikunja. Nyuzi zetu hazijikazi. Tumefika tisa. Na sasa napenda karatasi ile kuliko modeli yenyewe, ingawa sitawaambia waliokesha wakigandisha.

Jumamosi, 10 Agosti

Upinde umekatwa na kujengwa upya, matawi matatu. Tumeulaza pia. Katika kuulaza nusu ya kundi walibandika lebo ya "kulia" upande wao wa kulia. Kulia ni kwa mwenye moyo, si kwa anayeutazama. Nimemvisha mmoja chati kifuani kwa pini, utata ukaisha.

Jumatano, 14 Agosti

Modeli inakauka, tumetumia mikono yetu. Kijana anayefyatua tofali siku za mapumziko ana vena kama kamba za mkonge. Tumemfunga utepe wa kanga juu ya kiwiko, vena zikavimba, na hapa na pale pakaonekana vinundu. Bonyeza chini ya kinundu kwa kidole kimoja, kisha kwa kingine isukume damu kuelekea juu hadi upite kinundu, achia cha juu. Mshipa kati ya kidole na kinundu unabaki mtupu, bonde kwenye ngozi. Damu ya juu haishuki, kinundu ni vali. Achia kidole cha chini, unajaa papo hapo. Harvey alilifanya hilohilo kwenye mikono ya watu wa zama zake. Darasa zima limeondoka na alama za vidole.

Halafu ukuta. Presha ya 120 maana yake ni milimita 120 za zebaki, na zebaki ni nzito mara 13.6 kuliko maji. Kwa maji inakuwa sentimita 163. Tumechora mstari wa chaki kimo hicho: hapo ndipo maji yangefika kama mpira mwangavu ungeunganishwa kwenye aota wakati ventriko ya kushoto imejikaza. Upande wa kulia presha hufika kama 25, sentimita 34 tu, chini ya magoti yao wengi. Wakasimama kwenye mstari mmoja mmoja kujipima. Mfupi kuliko wote akadai moyo wake unamzidi kimo.

Mchungaji wa Uingereza, Stephen Hales, alichapisha mwaka 1733 jaribio alilomfanyia farasi jike kwa mrija wa kioo, damu ikapanda zaidi ya mita mbili na nusu. Wakaniuliza twiga je. Takriban mara mbili ya presha yetu, ili damu iifikie ile shingo. Wakaanza kutafuta ngazi.

Jumamosi, 17 Agosti

Nilidhani leo ni siku ya kuziba tu. Aota yetu ya kwanza ilikuwa bomba gumu la plastiki, na maji yalitoka kwenye dodoki kwa mikupuo: kubinya, chwaa, kimya, chwaa, kimya. Mmoja akauliza kwa nini mtu akijikata damu haisiti katikati ya mapigo. Tukang'oa lile bomba, tukaweka kipande cha tyubu. Kila chupa ikibinywa, tyubu inatuna kama koo la chura. Ikiachiwa, tyubu inanywea na kuendelea kusukuma. Dodoki sasa linatiririka bila kukatika, likiongezeka na kupungua tu.

Ndiyo ile namba ya pili ya presha, 80, inayoandikwa chini ya 120. Moyo umepumzika, lakini ukuta wa aota haujapumzika. Ateri zikikakamaa kwa umri namba ya juu inapanda, kwa sababu hakuna tena wa kutuna. Nimeiweka mikono yao miwili miwili juu ya tyubu. Hakuna aliyehitaji kuelezwa mapigo ya kifundo cha mkono yanatoka wapi.

Jumamosi, 24 Agosti

Mizunguko yote miwili inafanya kazi. Wawili wanabinya kwa pamoja, wa tatu anahesabu. Tumetengeneza pia kifaa cha kusikilizia kwa foneli na kipande cha mpira (Laennec wa Ufaransa alianza na karatasi iliyoviringishwa, mwaka 1816, sisi tumejitahidi). Tukasikiliza vifua vyetu. Pigo zito na refu kwanza, vali za ndimi zikifunga. Kisha jepesi na kavu, vali za vifuko. "Muheme," akasema mmoja, mama yake anapiga ngoma hiyo. Akawaonyesha kwenye meza: kiganja, kisha ncha za vidole.

Kwenye modeli tumesikia maji tu. Imeandikwa, namba 12.

Ijumaa, 30 Agosti

Siku ya wazazi. Ofisa mmoja alipita akasema "hongereni, hongereni" bila kusimama. Bibi wa yule binti wa nyama alisimama. Aliamkia "mbukwenyi", akavua kandambili kama anaingia kwa watu, akaomba abinye. Tukampa ventriko ya kushoto. Alibinya polepole, akifuata maji kwa macho kutoka aota hadi dodoki na kurudi.

"Wa kwangu anaubinya nani?"

Mjukuu akamwonyesha mstari wa kwanza wa karatasi, akamweleza kwamba kwenye ukuta wa auriko ya kulia, karibu na inapoingilia vena kava ya juu, vena kubwa inayorudisha damu ya sehemu za juu za mwili, kuna kipande kidogo cha msuli kinachojiwashia umeme chenyewe, hakingoji amri. Ubongo unaweza kukiharakisha au kukipunguza tu. Nikaongeza ule moyo wa mbuzi uliorukaruka kiganjani pale Msalato.

"Huo nimeuona mara nyingi," alisema bibi. "Na huu wenu nikiuacha?"

"Unasimama, bibi."

Akaendelea kubinya. Foleni nyuma yake ilikuwa imefika mlangoni, na hakuna aliyethubutu kumwambia aachie.

Jioni: kiungio cha vena kava ya chini kinavuja tena, na solusheni imekwisha. Jumatatu nipite Chang'ombe kwa mzee, nimpelekee na picha.